Kozi ya bure ya AWS kwa asiyejua kitu: uzoefu wangu nikiwa Kampala

Miaka minne nilikaa kwenye kibanda cha pesa za simu Nsambya, na kompyuta niliijua kwa kuandikia barua tu. Nilipotaka kuingia kwenye kazi za wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia mtandao, nilianzia kwenye chuo kimoja cha jijini. Nikalipa ada, tukasomewa slaidi wiki tatu, seva hata moja hatukuigusa. Iliniuma sana, maana ile ada ilikuwa mtaji wangu.

Kozi iliyonisaidia haikunitoa hata shilingi. Inaitwa Cloud Practitioner Essentials, iko kwenye Skill Builder, tovuti ya mafunzo ya AWS (huduma za wingu za Amazon), na kujiunga unahitaji barua pepe tu. Nilipoisoma mimi, ilieleza mambo kwa mfano wa duka la kahawa: wateja wakijaa unaongeza wahudumu, wakipungua unawapunguza, unamlipa aliyefanya kazi. Aliyewahi kukaa kibandani mwisho wa mwezi, foleni imefika barabarani, hahitaji kuelezwa mara mbili. Kiingereza chake si kigumu, ila kuna video nilizirudia mara tatu.

Lakini kozi inakuonyesha wingu. Kulishika ni juu yako. Kwa hiyo nikafungua akaunti ya AWS, na hiyo sasa inataka kadi ya Visa au Mastercard. Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri.

Mimi nilidhani wingu ni kama Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Nyumbani unanunua yuniti, zikiisha giza, hakuna anayekudai. Akaunti niliyofungua mimi haikuwa na tabia hiyo. Iliniwashia kwanza, bili ikafuata. Niliwasha seva ya majaribio, na kwa kutojua nikachagua kubwa isiyo ya bure. Nikafunga laptopu, nikalala. Siku ya nne jirani yangu anayefanya kazi za mitandao akaniuliza, "Dada, ile mashine uliizima?" Nikamwambia laptopu imezimwa tangu Jumatatu. Akatikisa kichwa: "Laptopu ni dirisha tu. Mashine yenyewe iko kwao, inakula pesa mpaka uiambie iache." Dola 11 zilishakwenda. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo, kabla ya kuwasha chochote, naweka bajeti ya kunitumia barua pepe matumizi yakifika dola 1. Na ujue bajeti hiyo inakuonya tu. Kuzima unazima mwenyewe.

Jambo jingine dogo: AWS ina kituo cha seva Cape Town tangu 2020, ila hukikuti kimewashwa. Lazima ukakiwashe kwenye mipangilio ya akaunti. Mimi nilihangaika jioni nzima nikikitafuta.

Baada ya hapo nikatengeneza ukurasa wa kikundi chetu cha akiba, wenye tarehe za mikutano na zamu za kuchangia, nikauweka kwenye S3, huduma ya AWS ya kuhifadhi mafaili. Gharama yake kwa mwezi ni senti. Akina mama walipoufungua kwenye simu zao nilijisikia fundi kwa mara ya kwanza.

Mtihani wa cheti cha Cloud Practitioner ni maswali 65 kwa dakika 90, ada dola 100, na kufaulu ni alama 700 kati ya 1000. Ada hiyo nilidunduliza miezi mitano. Kama Kiingereza si lugha yako ya kwanza, unaruhusiwa kuomba dakika 30 za ziada, ila uombe kabla ya kuweka nafasi ya mtihani. Karibu nizikose dakika hizo. Sikuufanyia nyumbani kwa sababu umeme wa mtaani kwetu siuamini, nilikwenda kituo cha mtihani. Nikapata 742.

Kazi? Cheti kiliniitia usaili, lakini ndani ya chumba hakuna aliyeuliza alama zangu. Waliuliza kuhusu ule ukurasa wa kikundi: nani anaweza kuubadilisha, na ukifutika unaurudishaje. Sasa niko Ntinda, kwenye kampuni ya mizigo, nasaidia wafanyakazi wenye shida za kompyuta, na kila Ijumaa nahakikisha nakala za mafaili zimeingia kwenye wingu. Kufaulu kulinipa pia punguzo la nusu kwa mtihani unaofuata. Wa Solutions Architect Associate ni dola 150, kwa hiyo nadunduliza 75, na usiku nasoma Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi.