Muvi ya Seabiscuit ya kutafsiriwa, Moshi: sauti tamu, mbio kapotosha

Filamu ya mwaka 2003 ya farasi Seabiscuit inauzwa buku kwenye duka moja la muvi karibu na stendi ya Moshi, ikiwa imeshatafsiriwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: DJ, yaani anayetafsiri na kusimulia juu ya filamu, ana sauti, anachekesha, na ile hali ngumu ya Marekani miaka ya 1930 kaieleza hata bibi kijijini ataelewa. Farasi wakishaingia uwanjani ndipo anapoharibu.

Uwanja wa mbio za farasi wa Pimlico, Marekani, 1 Novemba 1938: Seabiscuit na War Admiral, wawili tu. DJ anasema Seabiscuit "katokea nyuma kama kawaida yake." Si kweli. Aliyesifika kwa kuchomoka ni War Admiral, ndiyo maana kocha Tom Smith alimzoesha Seabiscuit kuondoka kwa mlio wa kengele. Siku hiyo akatangulia yeye. (Kengele yenyewe huisikii, DJ kaifunika na "twende kazi!") Kule mbele mpandaji wake, George Woolf, akamzuia kidogo makusudi ili mwenzake amfikie, kwa kuwa farasi huyu akimwona mpinzani ubavuni ndipo anapopandwa na mori. DJ kaiita hiyo "pumzi imekata"! Uhondo wote wa filamu uko hapo, naye kaumwaga.

Vipimo navyo vina kasoro. Seabiscuit alishinda kwa urefu wa farasi wanne, takriban mita kumi. DJ anasema mita nne.

Kuna kitu angekiongeza kikanoga: Man o' War ni baba wa War Admiral, na ni babu wa Seabiscuit upande wa baba. Kwa hiyo War Admiral ni baba yake mdogo, tena kazaliwa 1934, mwaka mmoja baada ya huyo mwanawe. Farasi wa dola 8,000, magoti mabaya, anamtoa jasho baba mdogo aliyebeba mataji yote matatu makubwa ya 1937. Banda zima lingesimama.

Kabla hujalipa, angalia muda: filamu kamili ni saa mbili na dakika 20, ikisoma pungufu sana ujue imekatwa. TV nyingi za zamani hazisomi flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa mafaili uitwao NTFS, waambie waifomati kwa mfumo wa FAT32, ila hamisha mafaili yako kwanza maana kufomati kunafuta kila kitu. Omba na nakala ya Kiingereza yenye subtaito. Ya DJ itazameni na familia. Mbio za Pimlico zirudie kwenye hiyo nyingine.