Majora's Mask 3D: gemu la siku tatu, na watu unaowaacha nyuma

Saa sita usiku wa siku ya kwanza, bibi mmoja anaingia mjini na mzigo. Ni bibi wa duka la mabomu, anarudi na bidhaa. Mwizi anayeitwa Sakon anampokonya mzigo na kutimua mbio. Ukiwepo pale na upanga wako unaweza kumzuia, na bibi atakushukuru kwa kukupa kinyago. Ila ukimsaidia bibi, kuna wachumba wawili hawataonana tena kabla ya mwezi kuanguka. Nililicheza gemu hili karibu miezi minne bila kujua mambo hayo mawili yanahusiana. Nilikuja kulielewa saa tisa usiku, nikiwa kazini, mgeni wa mwisho keshalala.

Nafanya kazi mapokezi kwenye gesti hapa Tanga, zamu ya usiku. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililonifanya nilichukulie gemu hili kwa namna ninayolichukulia.

Kwa asiyelijua, The Legend of Zelda: Majora's Mask lilitoka mwaka 2000 kwenye Nintendo 64, likiongozwa na Eiji Aonuma na Yoshiaki Koizumi. Toleo ninalolizungumzia ni la Nintendo 3DS, mashine ya gemu ya kushika mkononi, la mwaka 2015. Mwezi wenye uso wa kutisha unashuka juu ya mji wa Clock Town, na una siku tatu, yaani saa 72. Ukipiga Wimbo wa Muda kwenye okarina, aina ya filimbi, unarudishwa kwenye alfajiri ya siku ya kwanza, saa kumi na mbili. Vinyago ulivyopata unarudi navyo. Watu uliowasaidia hawakujui. Hela nazo zinapotea, isipokuwa ulizoweka benki, kwa kuwa mwenye benki anakugonga muhuri ambao haufutiki hata muda ukirudi nyuma. Mara ya kwanza kurudi na kukuta akiba yangu ipo yote, huku mtu niliyemtuliza jana yake akinitazama kama mpita njia, nilikaa na mashine mkononi nisijue niendelee au nizime.

Mjini pale kuna nyumba ya wageni, Stock Pot Inn, na mapokezi anakaa dada anayeitwa Anju. Mchana wa siku ya kwanza ukienda kuzungumza naye, anakuuliza kama umeshabuku. Ukikubali, anatazama, anaona jina lako, anakupa ufunguo. Baadaye jioni anaingia Goron mmoja, jitu kubwa pole, ambaye jina lake ni sawasawa na lako. Chumba kilikuwa chake. Hagombi wala hapigi kelele. Usiku ukitoka nje unamkuta amejikunja karibu na mlango, amelala hapohapo. Na siku ya pili mvua inanyesha.

Mimi hilo nimewahi kulifanya kwa watu wa kweli. Majina mawili yanafanana kwenye kitabu, nikampa chumba aliyewahi kufika. Basi la pili lilipoingia, mama mmoja na mtoto mchanga wakakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka adhana ya alfajiri, kwa sababu kila sehemu niliyopiga simu ilikuwa imejaa. Nilimpa shuka langu. Kwa hiyo nilipomwona yule Goron sikuweza kumpita tu. Nilisimama pale, nikijua hakuna kitufe cha kumwamsha nimpe ufunguo.

Anju ana mchumba, Kafei, aliyetoweka karibu na siku ya harusi. Amelaaniwa akawa na umbo la mtoto, na Sakon amemwibia kinyago cha harusi, kwa hiyo amejificha nyuma ya duka linalonunua vitu vya wizi akimsubiri mwizi aje kuuza. Ndipo bibi wa mabomu anapoingia: ukimkomboa bibi, Sakon hana cha kuuza, haji dukani, na Kafei hampati. Ili hawa wawili wakutane, lazima umwache bibi aibiwe mbele ya macho yako. Gemu halikwambii. Unaligundua mwenyewe baada ya kuharibu.

Halafu kuna kidani. Kafei anakupa umpelekee Anju kama ahadi kwamba atarudi. Usipompelekea, usiku wa mwisho Anju anaondoka na mama yake na bibi yake kwenda kujificha shambani kwenye mifugo. Ukimpelekea, anakataa kuondoka. Anabaki kumsubiri.

Mara yangu ya kwanza nilimpelekea. Jioni ya siku ya tatu nikaenda na Kafei kwenye maficho ya Sakon, mahali ambapo unamwongoza yeye na wewe kwa kupokezana, na kinyago kinasogea juu ya mkanda kuelekea shimoni. Nilichelewa. Kinyago kikatumbukia. Kawaida hapo mtu anatoa okarina anarudi mwanzo, na ndivyo wanavyoshauri wote wanaolijua gemu hili. Mimi nilirudi gesti. Anju alikuwa chumbani peke yake na gauni lake la harusi, nyumba nzima imehamwa. Yuko pale kwa sababu mimi nilimpa kidani. Nisingempa, angekuwa shambani na familia yake. Nilibaki naye chumbani mpaka ardhi ilipoanza kutetemeka, ndipo nikapiga wimbo.

Sasa yule Anju niliyemwacha mle chumbani ameenda wapi? Hadithi nyingi za siku inayojirudia zinaifanya siku iliyoharibika kama karatasi ya rafu. Hata Groundhog Day ya 1993, filamu ninayoipenda, inamleta mzee maskini ambaye hata alishwe supu anakufa usiku uleule, kisha inasonga mbele kwenye mapenzi. Majora's Mask linakulazimisha kuwajua watu kwa saa na dakika: nani anapita wapi, nani analia saa ngapi, nani anasema ameshakula ili asile chakula cha Anju. Ukishawajua hivyo, huwezi kuwaita rafu. Halijibu swali, ila halikuruhusu kutoliuliza, na hilo silijui kwenye gemu lingine.

Ninalolilaumu ni daftari la Bombers, kikundi cha watoto wa mjini, linaloandika shida na miadi ya watu. Ni msaada mkubwa, toleo hili hata linakuwekea kengele ya kukukumbusha miadi. Lakini ukishawakutanisha Anju na Kafei, daftari linaweka alama kwamba jambo limekamilika, na alama inabaki baada ya kurudi siku ya kwanza. Wakati huohuo Anju yuko mapokezi anaendelea kuteseka, na Kafei bado kajificha. Jambo halijakamilika kwao. Limekamilika kwangu tu. Na mwisho wa gemu harusi inaonyeshwa kana kwamba mizunguko yote ilihesabika kwa pamoja. Nililia kuiona, nakiri, lakini bado nataka kujua ni usiku upi uliozaa asubuhi ile, na bibi wa mabomu alikuwa na mzigo wake au hakuwa nao.

Kwa anayetaka kununua: duka la mtandaoni la 3DS halijauza kitu tangu Machi 2023, kwa hiyo tafuta kadi yenyewe, na uhakikishe kadi na mashine ni za soko moja, la sivyo haitasoma. Yangu binamu aliniletea kutoka Muscat, imetumika, bawaba imelegea. Nashauri toleo hili kwa kuwa ukihifadhi gemu kwenye sanamu za bundi zilizowekwa kwa kazi hiyo, hifadhi inabaki, na kwetu sisi tunaokatikiwa na umeme hilo si dogo. Gemu halina Kiswahili na maneno ni mengi, mwenye Kiingereza chepesi atahitaji uvumilivu.

Juzi nimeanza upya kabisa. Nimehifadhi siku ya kwanza, mchana. Anju yuko mezani kwake, Goron bado yuko njiani, na ufunguo sijauomba.