Kupimiwa sumu kwenye kiwanja kabla ya kujenga, Mtwara: nyota nne

Kiwanja nilichonunua Magomeni, hapa Mtwara mjini, kilikuwa gereji ya malori tangu enzi za petroli yenye risasi (madini ya lead, si ya bunduki), ile ambayo nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006. Nataka kujenga vyumba vya wageni na kuchimba kisima. Mafundi waliniambia ardhi ni ngumu, haina neno. Ugumu wake sikuwa na wasiwasi nao, nilitaka kujua imenyweshwa nini. Nikaita wapimaji wa mazingira kutoka Dar es Salaam. Jina la kampuni silitaji, maana lawama pia ninazo.

Kijana aliyekuja hakushika kekee kwanza. Alifungua picha za zamani za setilaiti akaangalia paa la gereji lilikuwa wapi na malori yaliegeshwa wapi, halafu akaenda barazani kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi pale.

"Shikamoo mzee. Oili chafu mlikuwa mnamwaga wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nyingi watu walichukua kupaka mbao, mchwa wasile. Iliyobaki tunamwaga kule nyuma kwenye mkorosho. Betri ndiyo tulikuwa tunazivunjia hapa mlangoni."

Hapo mlangoni ndipo ramani yangu ilipoweka jiko. Kwangu mimi mazungumzo yale peke yake yalistahili pesa yote, kwa sababu bila hayo wangetoboa katikati ya uwanja, wakakuta mchanga safi, wakaniandikia kila la heri.

Uchimbaji wenyewe ulikuwa wa adabu. Kila shimo glavu mpya, na kekee inaoshwa kabla ya kuhamia shimo jingine. Udongo wa kupima mafuta ulijazwa kwenye vichupa vya kioo hadi pomoni, hewa isibaki, maana mvuke ukitoroka majibu yanadanganya. Vikaingia kwenye deli la barafu kama la wauza samaki, na fomu ya kusaini anayekabidhi na anayepokea. Walichota pia udongo wa kona ambako gereji haikufika, wapate cha kulinganishia. Nyuma kwenye mkorosho, usawa wa goti kwenda chini, mchanga ulitoka mweusi, unateleza vidoleni, harufu unaipata ukiwa umesimama.

Majibu: mafuta nyuma, risasi ya betri mlangoni. Risasi haiozi. Inakaa juujuu kwenye vumbi, mtoto anailamba mikononi, na inaharibu ubongo. Mafuta yanashuka kuelekea maji ya chini, na mchanga wetu huu hauzuii kitu. Kisima nimekihamishia upande wa juu, jiko nalo limehama.

Sasa lawama. Makadirio ya kwanza hayakutaja maabara, na huko ndiko pesa inakokwenda, maana kila sampuli inalipiwa kwa kila kipimo. Dai bei yote kwa maandishi. Ripoti ilikuja nene, Kiingereza kitupu, jibu langu limefichwa nyuma ya majedwali. Kilichoniudhi zaidi ni kiwango cha risasi. Tanzania ina kanuni zake za ubora wa udongo tangu 2007, wao wakanipimia kwa kiwango cha Marekani, tena cha zamani, miligramu 400 kwa kilo. Wamarekani wenyewe walikishusha hadi 200 Januari 2024. Mpwa wangu anayesoma kemia ndiye aliyegundua. Shimo moja lililoandikwa "salama" lilikuwa na 310. Nilipowapigia walirekebisha bila ubishi, lakini si kazi ya mteja kusahihisha.

Na msichanganye huduma hii na cheti cha mazingira cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Tathmini ya athari kwa mazingira, inayotangulia cheti hicho, inauliza mradi wako utaifanyia nini ardhi. Hii inauliza ardhi itakufanyia nini wewe.

Nyota moja nimeitoa kwa ajili ya ripoti. Nikinunua kingine nitawaita tena, ila nitamtaka kijana yuleyule. Udongo wa mlangoni umeshachotwa, uko juu ya turubai na jingine limeufunika, unangoja gari lenye kibali cha kubeba taka hatarishi.