TAHADHARI: Huyu fundi wa "breki za diski orijino" wa Kiambu Road ni mkora, msimpe hata mia

Wenzangu wa pedali, nimekaa na hii habari wiki nzima nikisema sitaiandika, kwa sababu aibu ni yangu. Lakini jana jioni nimeona ametangaza tena. Picha zile zile, diski zile zile zimelala juu ya kile kitambaa cha samawati, bei imeshuka mia tano na jina la ukurasa limebadilika. Nikasema hapana. Acha nichekwe.

Habari ya kuanguka kwangu na baiskeli kwenye mteremko wa Kona Baridi mnaijua, na kiwiko changu mlikiona kabla hakijashonwa, kwa hivyo sirudii. Ila wengi mlidhani nilikuwa najifanya kijana kwenye mteremko. Sikuwa. Nilifinya breki ya mbele ikashika, nikafinya tena ikashika, mara ya tatu mkono wa breki ukaingia mpaka ukagusa usukani, laini kama nafinya mkate. Paipu ya mafuta ya breki ilikuwa imechomoka juu pale inapoingia kwenye mkono. Mafuta yalinirukia gotini kabla sijajua kinachoendelea. Yaliyobaki aliwasimulia yule wa baiskeli nyekundu, na alitia chumvi.

Sasa sikieni nilivyouziwa.

Mnajua tangu mwanzo wa mwaka nilikuwa nalia na breki. Mimi ni kilo tisini na kitu. Diski, yaani kile chuma cha duara kinachobanwa na breki, ya milimita 180 mbele na ya 160 nyuma, ukishuka mbali, zinapata joto mpaka zinageuka zambarau, halafu breki inaanza kulegea wakati unaihitaji. Nilitaka 203 mbele na 180 nyuma, pamoja na paipu za kusukwa kwa waya wa chuma, zile zisizotanuka ukifinya. Dukani nilikuwa nimeulizia, jumla na kazi ya fundi ikapita elfu ishirini. Huyu akasema 14,500, anakuja na vitu vyote, anafunga mwenyewe, anatoa hewa kwenye paipu za mafuta, unaondoka ukiendesha. Ndiyo, najua. Msiniambie.

Tulikutana Jumamosi saa mbili asubuhi kwenye maegesho ya kituo kimoja cha mafuta Kiambu Road, upande wa msitu wa Karura. Nilikuwa na mpwa wangu, yule wa Gredi ya 8 mnayemjua kwa maswali. Jamaa alishuka kwa bodaboda akiwa na stendi ya kutengenezea baiskeli, sanduku la spana na aproni nyeusi iliyopigwa pasi. Nasema iliyopigwa pasi. Kucha zake zilikuwa na grisi ya siku nyingi, ile isiyotoka kwa sabuni. Hakuniita bosi kama wauzaji wa mjini. Aliniita mwalimu.

Swali lake la kwanza: "Mwalimu, mfumo wako ni wa mafuta ya madini ama DOT?"

Ninyi niambieni, tapeli gani anaanza na swali hilo? Nikajibu kwa madaha, huku namtazama mpwa aone mjomba wake ni nani, kwamba hizi ni breki za kampuni ya Shimano, zinatumia mafuta ya madini, na kwamba DOT, hayo ya magari, ukiyatia humu raba za ndani zinavimba na mfumo unakufa. Nikaongeza kwamba mafuta yake yana rangi ya waridi, huwezi kuyakosea. Nilitoa hotuba nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imefumbatwa, akasema, "Wateja kama wewe ndio wanaturahisishia kazi. Wewe huwezi ukadanganywa."

Hapo ndipo nilipouzwa. Mengine yalikuwa ni kufunga mzigo tu.

Akatoa diski. Hakuigusa uso wake hata kidogo, aliishika kwa ncha za vidole pembeni, vile wazee walikuwa wakishika santuri, kwa sababu mafuta ya vidole yakiingia kwenye pedi, zile zinazoibana diski, breki inapiga kelele na kuteleza. Mtu asiyejua kazi hafanyi hivyo. Akaipima kwa venia, kile kipimo cha unene, mbele yangu: milimita 1.8, unene wa diski mpya. Akatoa sumaku mfukoni, ikanasa tap! "Chuma, si bati." Nikatingisha kichwa kama mtu aliyeelewa. Sasa hivi ndio nafikiria, na sufuria kuukuu ya chuma si ingenasa sumaku vile vile?

Kisha akanipa kipande cha paipu, kama urefu wa kidole, kimekatwa mshazari ili uone tabaka: plastiki ndani, waya uliosukwa, ganda juu. "Shika mwenyewe, mwalimu. Kwaruza." Nikakwaruza kwa ufunguo wa nyumba. Haikuingia alama. Hicho kipande kilikuwa cha kweli, naapa. Na ile diski aliyoipima ilikuwa ya kweli. Hizo ni zake za kuonyeshea, nadhani analala nazo.

Akasema nilipe kabla hajafungua pakiti, kwa sababu pakiti ikifunguliwa hawezi kuirudisha kwa anayemletea. Nikaingiza nambari kwenye M-Pesa, likatokea jina la mwanamke. Nikasita. Akaona nimesita. Akacheka kidogo, kwa haya, akasema, "Hiyo ni ya mama watoto. Yangu ina Fuliza, ukituma huko inamezwa yote." Ni nani humu Nairobi hajawahi kumezewa pesa na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa? Nilimhurumia! Nilituma 14,500 na nikaongeza mia mbili ya chai. Mia mbili. Kila nikiikumbuka hiyo mia mbili nasimama katikati ya nyumba nazungumza peke yangu.

Hapo akaenda kwenye bodaboda kuchukua spiriti ya kusafishia. Simu yangu ikaita, ni nyumbani wanauliza unga. Niligeuka kama dakika mbili. Niliporudisha macho, pakiti zimeshafunguliwa, diski ziko kwenye magurudumu, na anakaza boliti kwa mwendo mzuri, moja, halafu ile ya upande wa pili, vile inavyotakiwa. Nikafurahi kuona anazikaza kwa mpangilio.

Sasa sehemu ninayoona haya kuiandika. Wakati wa kutoa hewa alitoa bomba la sindano na chupa ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita, haina karatasi. Akavuta mafuta. Hayakuwa ya waridi. Yalikuwa ya manjano hafifu, kama chai ya rangi iliyokosa majani. Niliyaona. Nusu saa kabla nilikuwa nimesimama pale nikimfundisha mtoto kuhusu rangi ya waridi, na sasa nikanyamaza. Nilijiambia labda ni aina nyingine. Ukweli ni kwamba alikuwa ameniita mtu asiyedanganyika, na ningefungua mdomo ningekuwa nakiri kwamba nimedanganyika.

Mpwa wangu ndiye aliyefungua wake. Aliinama kwenye foki, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, akauliza, "Anko, kwani hizi washa si kama zile fundi aliweka kwa geti yetu?" Alikuwa anazungumzia pale kalipa ya mbele, kile kibano chenye pedi, inapoinuliwa ili ifikie diski kubwa. Pale panatakiwa adapta, kipande kimoja kilichochongwa kwa kipimo. Jamaa alikuwa amepanga washa, vile vipete bapa vya boliti, kama sarafu. Mimi, mtu mzima, nilimwambia mtoto aache kusumbua fundi.

Nilipofinya breki ilikuwa ngumu kama jiwe. Nilizunguka maegesho mara tatu nikicheka. Nilimpigia saluti akiondoka.

Wiki ya kwanza hakuna neno. Ya pili mkono wa breki ukawa unarudi polepole, kama mlango wenye kutu. Rangi ya mkono wenyewe ikaanza kufura na kubanduka kama ganda la nyanya iliyochemshwa. DOT inakula rangi, hilo pia nalijua, na bado nilisema ni jua. Ya tatu ndiyo Kona Baridi.

Fundi wetu wa siku zote (ambaye sikumwambia mapema, na amenuna mpaka leo, na ana haki) alifungua kila kitu juu ya gazeti. Paipu si ya waya. Ni plastiki ya kawaida iliyovalishwa soksi ya nailoni ya rangi ya fedha. Soksi! Aliivua kwa mkono kama anamvua mtoto. Ile pete ndogo ya shaba inayobana paipu kwenye mkono wa breki, ambayo ukikata paipu lazima utie mpya, ilikuwa ya zamani, imeshabanwa mara moja kwingine, kwa hivyo haikuwa na la kubana tena. Ndiyo maana ilichomoka. Raba za ndani zimevimba, mkono mzima wa breki ni wa kutupa, na kalipa pia, zote mbili. Diski ya mbele venia ilisoma 1.6, ya nyuma 1.4, wakati Shimano wenyewe wanasema ikifika 1.5 toa. Ni diski kuukuu zilizopigwa msasa zikang'aa. Juu yake, kwa herufi ndogo, imeandikwa zitumike na pedi za resini pekee, maandishi ya diski za bei ya chini, na mimi pedi zangu ni za chuma. Kwa hiyo hata kama angeniuzia zikiwa mpya ningekuwa nazisaga tu.

Kinachoniuma ni kwamba huyu mtu anajua kazi. Angekuwa mjinga ningemsamehe. Yeye aliniuliza swali la mafuta, akasikia jibu, halafu akatia yale ya kuniua, kwa sababu chupa ya DOT anaipata dukani kwa kituo chochote cha mafuta na ile ya waridi lazima aitafute. Alijua mimi nashuka milima. Nilimwambia!

Nilimpigia. Siku ya kwanza alisema anakuja na paipu nyingine, pole mwalimu. Ya pili, tiki mbili za samawati. Ya tatu picha yake ikapotea. Nikatuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 nikiomba pesa irudishwe, wiki tatu baada ya kulipa, sawa na kumwita daktari kwenye matanga. Nikaenda kuripoti. Afisa wa polisi aliandika kwenye OB, kitabu chao cha matukio, kwa upole kabisa, kisha akainua kichwa, "Yaani breki za baiskeli, elfu kumi na nne?" Wenzake wawili wakaja kusikiliza. Nilieleza kuhusu milimita 203 mbele ya watu wenye bunduki.

Kujipatia pesa kwa uongo ni kosa, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, miaka mitatu. Mimi naona miaka mitatu ni kidogo. Huyu apandishwe baiskeli yangu vile ilivyo, na soksi yake, na washa zake, aachiliwe pale juu Kona Baridi akiwa na aproni yake iliyopigwa pasi. Akifika chini salama nitamrudishia hata ile mia mbili. La sivyo jela ya Kamiti, na kazi yake humo iwe kupiga msasa vitu mpaka viishe. Wale mnaosema "msamehe, maisha ni magumu," kiwiko chenu kimeshonwa lini?

Mkiuliza mtamjuaje: hana mahali pake, anakutana na watu maegesho tu. Anaonyesha kitu kimoja, anafunga kingine, kwa hivyo pakiti fungueni wenyewe, na mkipigiwa simu msipokee. Pesa inaenda kwa jina la mwanamke, nimesikia kwa mwingine ilienda kwa la mzee. Mafuta kwenye chupa isiyo na karatasi. Sukuma ganda la paipu ya "waya" kwa kucha, kama inasogea kama soksi ni soksi. Aproni nyeusi. Venia anayo, mpimieni ile aliyoifunga, si ile ya mkononi. Sijui kama nimesahau lingine, nina hasira. Nambari nimewapa wasimamizi wa kundi, mwombeni humo, hapa sitaiweka.

Na kama kuna aliyefungiwa breki na huyu mtu tangu Aprili, usiende Ngong kesho. Hata Karura usiende. Pita kwa fundi kwanza, utembee kwa miguu ukiisukuma.

Mimi baiskeli iko sebuleni, imeinuliwa miguu juu, haina breki hata moja. Zile washa mpwa wangu amezitia kwenye mkebe wa majani ya chai. Akija mgeni anautoa, anazimwaga mezani na kuzihesabu kwa sauti. Ni kumi na nne.