Maneno ya Kiingereza yanayojieleza: Wiktionary imekusanya vizuri, imeeleza kidogo

"Noun" ni nomino. "Word" ni neno. "English" ni neno la Kiingereza. Maneno ya namna hii, ambayo maana yake inayahusu yenyewe, yana ukurasa wake katika Wiktionary, kamusi huru ya mtandaoni iliyoanza Desemba 2002. Mwalimu wa Kiingereza au mtunzi wa chemshabongo atafurahi, kwani katika kamusi ya karatasi angelazimika kuyasaka moja moja. Gharama ni bando lako tu.

Kuufikia, andika kwenye kisanduku cha kutafutia "Category:English autological terms". Ukilifungua neno moja kwa simu huenda usione kwamba limo kwenye orodha hiyo, maana mwonekano wa simu huficha jamii za maneno. Teremka hadi chini kabisa, gusa kiungo cha mwonekano wa kompyuta, nazo zitajitokeza mkiani mwa ukurasa.

Kasoro kubwa ni kwamba orodha imepangwa kialfabeti, basi. Haisemi neno limeingia kwa kigezo gani, na hapo ndipo wanafunzi wanapopotea. "Unhyphenated" linajieleza kwa maandishi: halina kistari. "Polysyllabic" linajieleza kwa sauti, "noun" kwa sarufi. Usipotenganisha vigezo hivyo utaanza kudhani "verb" nalo limo kwa kuwa linafanana na "noun", kumbe "verb" ni nomino, sawa na "kitenzi" chetu ambacho si kitenzi. Kistari nacho kina vituko vyake: "hyphenated" halina kistari hata kimoja, ilhali "non-hyphenated" linacho.

Sehemu ya matamshi ndiyo inayostahili muda wako. Chukua familia ya maneno yanayotaja idadi ya silabi. "Disyllabic" na "trisyllabic" yana silabi nne kila moja. "Monosyllabic", "tetrasyllabic", "hexasyllabic" na "octosyllabic" yote yana tano. Katika ukoo huo "pentasyllabic" peke yake ndilo linalotimiza linachosema: pen-ta-syl-lab-ic, tano kamili. Lakini hesabu kwa alama za kifonetiki zilizo kwenye ukurasa, usihesabu kwa mdomo wako. Mswahili hupenda kufunga neno kwa irabu. Akilitamka "pentasilabiki" anapata pe-nta-si-la-bi-ki, sita, na neno linaanguka mtihani bila kosa lake.

Ukitaka kuona kamusi hii inang'aa, soma sehemu ya asili ya neno. "Mondegreen" ni jina la maneno yaliyosikiwa vibaya, hasa ya wimbo. Lilibuniwa na Sylvia Wright mwaka 1954, kutokana na maneno "laid him on the green" ambayo yeye utotoni aliyasikia kama "Lady Mondegreen". Kwa hiyo jina la kosa ni kosa lenyewe. "Eggcorn" limezaliwa hivyohivyo mwaka 2003, pale Geoffrey Pullum alipopendekeza kosa la mtu aliyesema "egg corn" badala ya "acorn" liwe jina la makosa yote ya jinsi hiyo. Haya mawili yanafaa darasani kuliko "word" na "noun", kwa sababu yana kisa cha kusimulia.

Tahadhari mbili. Kwanza, yapo maneno yanayojieleza kwa muda tu: "neologism" lilikuwa neno jipya siku zake, leo ni kongwe. "Italic" nalo linategemea umelichapa vipi, kwa hiyo usiliweke kwenye swali la mtihani. Pili, kila mtu anaruhusiwa kuhariri. Neno likikutia shaka, fungua historia ya ukurasa na ukurasa wa majadiliano kabla ya kulinakili.

Kwa Kiswahili mchezo huu unahitaji uangalifu zaidi, kwani kivumishi chetu hufuata ngeli. Tunasema "neno fupi", na "fupi" lenye herufi nne linapita bila ubishi. "Neno refu" linatupa "refu", nalo lina herufi nne vilevile, kwa hiyo limeshindwa.

Neno moja usilitafute kwenye orodha: "heterological", yaani neno lisilojieleza. Kurt Grelling na Leonard Nelson waliliwekea mtego mwaka 1908. Ukisema linajieleza, basi kwa maana yake halijielezi. Ukisema halijielezi, hiyo ndiyo maana yake, kwa hiyo linajieleza. Mwenzake "autological", yaani neno linalojieleza, ni mpole: sema ndiyo, sema hapana, hakuna jibu linalojipinga. Kama una kipindi cha dakika 40, yaache haya mawili hadi dakika 15 za mwisho, la sivyo hutapata nafasi ya jambo jingine.