Ukitoka gerezani Dar: cheti cha VETA au mkopo wa halmashauri?

Aliyejifunza useremala au uashi gerezani aanze VETA Chang'ombe, chuo cha ufundi stadi, aulizie urasimishaji ujuzi: hupimwa kwa anachokiweza ili apate cheti, hata bila kusomea chuoni. Kikwazo huja kwa mwajiri anayedai cheti cha polisi chenye alama za vidole, maana hukumu huonekana humo. Fundi mkuu wa saiti kwa kawaida hutazama kazi ya mikono tu; mwanzo mzuri ni huko.

Mkopo wa halmashauri hauna riba, ila hutolewa kwa kikundi kilichosajiliwa chenye akaunti benki. Afisa maendeleo wa kata ndiye wa kumwona. Mwenzenu mmoja akitoroka, deni linawaangukia waliobaki. Kwa aliyetoka juzi, bila watu wanaomwamini, tunashauri cheti cha VETA kwanza.