On the Beach ya Nevil Shute: mwisho wa dunia unaokuja na kaskazi

Anayetafuta riwaya ya kubuni ya kisayansi kuhusu siku za mwisho za dunia, isiyo na viumbe wa sayari nyingine wala shujaa anayeokoa watu dakika ya mwisho, asome On the Beach ya Nevil Shute, iliyotoka mwaka 1957. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota niliyoinyima ni kwa sababu ya mvua, nami nitaeleza kwa nini. Nne inazostahiki inazipata zaidi kwa jambo moja: saa ya riwaya hii ni upepo wa misimu, na msomaji wa Unguja au Pemba anaingia kitabuni akiwa tayari anajua saa hiyo inavyokwenda.

Hadithi yenyewe kwa ufupi. Vita vya nyuklia vimepiganwa nusu ya kaskazini ya dunia kwa siku 37, vikamalizika. Mabomu zaidi ya 4,000 yameripuka, mengi yakiwa na kobalti, metali ambayo bomu huigeuza kuwa chanzo cha mionzi ya miaka mingi, na huko kaskazini hakuna aliyebaki. Ni mwaka 1963, tuko Melbourne, Australia, karibu digrii 38 kusini ya ikweta, ambako hakuna bomu lililoanguka. Vumbi la mionzi linateremka taratibu kuelekea kusini, miji ya juu inanyamaza mmoja baada ya mwengine, na watu wa Melbourne wameshaambiwa ni miezi mingapi imebaki. Tunawafuata watu watano: Dwight Towers, nahodha Mmarekani wa nyambizi Scorpion, Peter Holmes, afisa wa jeshi la majini la Australia, na mkewe Mary wenye mtoto mchanga, msichana Moira Davidson, na mwanasayansi John Osborne. Nikisema kwamba hakuna anayeokoka sikuvunjii uhondo, maana kitabu kinalisema hilo tangu mwanzo.

Sasa huo upepo. Wahusika wanaulizana suali ambalo kila msomaji atauliza: ikiwa pepo za kaskazini ya dunia hazichanganyiki na za kusini, vumbi linavukaje ikweta? Jibu la kitabu ni kwamba mpaka wa pepo haukai juu ya ikweta ya ramani, bali unapanda na kushuka na jua. Mwezi wa Januari mpaka uko kusini, kwa hiyo Indonesia inapumua hewa ya kaskazini. Julai mpaka umepanda hadi juu ya India, na maeneo yale yale sasa yanapumua hewa ya kusini, pamoja na vumbi lililoachwa Januari. Kila mwaka vumbi linashuka daraja moja kuja kusini.

Hayo kwetu ni kalenda ya kawaida. Zanzibar iko digrii 6 kusini ya ikweta, Pemba kama 5, lakini kuanzia Disemba hadi Machi hewa tunayovuta ni ya Bara Arabu na Bahari ya Hindi ya kaskazini. Ndiyo kaskazi iliyokuwa ikileta majahazi ya Oman. Mwezi wa Januari mpaka wa pepo kwa upande wetu huwa umeteremka hadi usawa wa kaskazini ya Msumbiji na Madagaska, kwa hiyo kwa hali ya hewa sisi tuko nusu ya kaskazini ya dunia. Piga hesabu: Maskati hadi Unguja ni kama kilomita 3,900 kwa mstari ulionyooka, na upepo wa kilomita 20 kwa saa unazimaliza kwa siku nane. Kitabu hakitusemi, lakini kwa sheria zake chenyewe visiwa hivi vingepigwa katika kaskazi ya mwanzo, kabla ya miji ya kaskazini ya Australia, Darwin iliyo digrii 12 kusini na Cairns iliyo karibu 17. Unapofika ukurasa ambapo nyambizi inakwenda kuchungulia Cairns, Port Moresby na Darwin, jua kwamba sisi tumeshapita.

Ziara hiyo ndiyo sehemu iliyoandikwa vizuri kuliko zote. Mabaharia hawawezi kufungua mlango, maana nje kuna mionzi. Wanasogea karibu na gati, wananyanyua periskopu, ile darubini ya nyambizi, wanaita kwa kipaza sauti, wanasubiri, wanaita tena. Nyumba zote zimesimama. Hakuna moshi wala kifusi, na hakuna mtu anayetoka. Shute haongezi chumvi hata chembe. Anakuachia uangalie kupitia kioo kile kile kidogo wanachoangalia wao, na ripoti wanayorudi nayo ni fupi kwa sababu hawana walichokiona zaidi ya mji.

Ilikuwa kazi yake kuandika hivyo. Shute alikuwa mhandisi wa ndege. Alifanya hesabu za meli ya anga R100, akaanzisha kampuni ya ndege ya Airspeed, na mwaka 1950 akahamia Australia. Mwisho wa dunia kwake ni suala la vifaa. Petroli ilikuwa inatoka nje, kwa hiyo imekwisha, na watu wamerudi kwenye farasi, baiskeli na vigari vya kukokota. Umeme upo hadi mwisho, kwa sababu mitambo ya Melbourne inachoma makaa yanayochimbwa papo hapo, kwa hiyo treni na tramu zinakwenda. Ukifika hapo uliza kisiwa chetu kingekuwaje. Umeme wetu unapita chini ya bahari, Unguja kutoka upande wa Dar es Salaam na Pemba kutoka Tanga. Unguja ilikaa gizani wiki kadhaa mwaka 2008, ikarudia tena kwa miezi kuanzia Disemba 2009, na kilichouma kabla ya giza kilikuwa maji, kwa kuwa pampu zilisimama. Aliyekuwepo atasoma kurasa za Shute kuhusu maziwa, petroli na betri kwa makini zaidi ya msomaji wa Uingereza.

Nakuja kwenye nyota niliyoizuia.

Kobalti-60, yaani kobalti iliyokwisha kuwa na mionzi, ni chaguo la kisayansi hasa. Mwanafizikia Leo Szilard aliizungumzia hadharani mwaka 1950 kama njia ya kuua dunia nzima. Mionzi ya mabomu ya kawaida hufifia haraka: muda ukizidi mara saba, nguvu yake hushuka hadi sehemu moja ya kumi. Kobalti-60 haifanyi hivyo. Hupungua nusu kila baada ya miaka 5.27, kwa hiyo baada ya miaka 20 bado imebaki sehemu moja ya 14 hivi. Mwaka ule ule kitabu kilipotoka, Waingereza walitia vipande vidogo vya kobalti katika jaribio moja la bomu huko Maralinga, Australia ya Kusini, ili kupimia nguvu ya mripuko. Lakini bomu la kobalti la kuulia watu halijulikani kuwahi kuripuliwa.

Tatizo ni safari ya vumbi. Kwanza, Shute analisambaza sawasawa kama rangi ndani ya maji. Vumbi zito huanguka ndani ya saa chache na siku chache karibu na lilipotoka. Jepesi tu ndilo husafiri. Pili, upepo wa chini haufanyi anavyosema, angalau kwa pwani yetu. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hadi Septemba, inavuma kutoka kusini, inavuka ikweta kwa nguvu mbele ya Somalia na kupinda kwenda India. Vumbi la kaskazi lililobaki hewani kwetu lingerudishwa lilikotoka. Linalokwenda kusini hasa ni la juu: mawingu makubwa ya ukanda wa mvua hulinyanyua zaidi ya kilomita 10, hewa ya huko juu hulibeba kuelekea kusini, kisha hulishusha karibu na digrii 30.

Tatu, na hapa ndipo ninapomlaumu zaidi, mawingu yale yale yanayonyanyua ndiyo yanayoosha. Mpaka wa pepo ndio ukanda wa mvua. Ukipita juu yetu kwenda kaskazini ndiyo masika, ukirudi ndiyo vuli. Kila chembe inayotaka kwenda Australia lazima ipite kwenye pazia hilo la maji, na sehemu kubwa ingeishia ardhini na baharini hapa hapa kwenye tropiki. Pemba, yenye mvua nyingi kuliko Unguja, ingebeba mzigo wa wengine. Majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na 1960 yalionesha hivyo: sehemu kubwa ya vumbi lake ilianguka nusu ile ile ya dunia yaliporipuliwa, na kaboni ya mionzi iliyokuwa hewani kama gesi, isiyooshwa na mvua, ilichukua karibu mwaka kusambaa hadi kusini. Melbourne ingepata sehemu ndogo tu ya kilichoanguka kaskazini.

Nne, watu wake wanakufa kama kwamba ni kipindupindu, mji mzima ndani ya siku chache. Dozi ya grei 4 hivi (grei ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), ikiingia kwa mkupuo bila matibabu, huua karibu nusu ya watu, lakini dozi inayokuja kidogo kidogo kwa miezi haina mpangilio huo. Na waliomo ndani hawapati sawa na walio nje. Sentimita 6 hivi za zege hupunguza nusu ya miale ya kobalti. Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe, wa mawe ya matumbawe na chokaa, mwingi hufika nusu mita. Hata tukikisia kwamba jiwe letu jepesi linahitaji sentimita 10 kwa kila nusu, ukuta huo unapunguza mara 32. Udhaifu ungekuwa dari na paa, ambako vumbi lingetulia, na huko ndiko pa kufagia kwanza. Kitabu hakina mtu anayefagia paa. Wala hakigusi sana chakula, wakati kisiwani kwetu karafuu, dagaa na mwani vyote vinaanikwa wazi.

Nalaumu haya kwa kuwa kitabu kinataka kusomwa kwa kipimo hicho. Lakini hayaiangushi hadithi. Ukishakubali kwamba vumbi linafika, yaliyobaki yote ni ya kweli kwa binadamu. Mary anapanga bustani na maua ambayo hatayaona yakichanua, na mumewe anamsaidia kuchimba. Moira anakwenda kujifunza kupiga taipu. Dwight anawanunulia zawadi wanawe waliokwisha kufa Marekani. Wakosoaji wengine wanasema hawa wamekataa kuukubali ukweli. Mimi sioni hivyo, na nadhani Muislamu ana njia fupi ya kuwaelewa: Hadithi ya Mtume (S.A.W.) aliyoipokea Imam Ahmad inamwambia mwenye mche mkononi aupande, hata kama Kiyama kinasimama, akiweza kabla hakijasimama. Bustani ya Mary naisoma kwa Hadithi hiyo, na ndiyo sehemu iliyonigusa zaidi.

Kuna pahala ambapo msomaji wetu atasimama. Serikali inagawa vidonge vya kujiulia kupitia maduka ya dawa, bure, na mazungumzo kati ya mwenye duka na baba wa mtoto mchanga yameandikwa kwa utulivu unaotisha. Kwetu hilo ni haramu, na kitabu hakina mhusika anayelipinga kwa uzito unaostahiki. Ni upungufu wa hadithi yenyewe, maana katika mji mzima wa watu wanaokwenda kanisani wangepatikana wengi wa kukataa. Kwa sababu ya kurasa hizo nisingempa mtoto wa chini ya miaka 16, wala mtu aliye katika huzuni nzito.

Kuhusu kukipata. Angalia idadi ya kurasa kabla hujalipa. Kitabu kamili kina kurasa zipatazo 300. Kuna toleo lililofupishwa kwa wanaojifunza Kiingereza ambalo halifiki nusu ya hapo. Hilo fupi linafaa kwa kujifunza lugha, lakini limekata mazungumzo, na mazungumzo ndiyo kitabu. Kiingereza cha toleo kamili ni chepesi, sentensi fupi, na ugumu uko kwenye maneno ya manowari na vipimo vya zamani vya maili na futi. Sura ni chache na ndefu, kwa hiyo anayesoma kwenye simu aweke alama mwenyewe kila tukio linapobadilika. Theluthi ya kwanza ni ya taratibu. Safari ya pili ya nyambizi, inayokwenda hadi pwani ya Seattle kufuata ishara ya redio, ndiyo inayokaza kamba. Usitafute maelezo ya ishara ile kabla hujafika.

Nashauri usome na ramani ya dunia kando. Chora mistari ya digrii 5, 12, 17 na 38 kusini, na kila mji unaponyamaza kitabuni utie alama na mwezi wake. Utaona mwandishi alivyoshika mpangilio, na utaona pia Afrika Mashariki alivyoiruka.

Filamu ya mwaka 1959 ya Stanley Kramer, yenye Gregory Peck na Ava Gardner, iangaliwe baadaye. Imebadilisha kilichokuwa kikituma ile ishara ya redio, na mimi naona cha kitabuni ni bora.